Kovu la Begani na Swali la Bibi



Juma hili naomba mnivumilie niandike juu ya jambo ambalo sikulisomea seminarini. Falsafa tulifundishwa, taalimungu tulifundishwa, hata hesabu za sadaka tulifundishwa. Lakini juu ya kinga ya mwili wa mwanadamu sikumbuki kupata zaidi ya kurasa chache za kitabu cha biolojia nilipokuwa kidato cha nne. Hata hivyo miezi hii nimejikuta nalazimika kusoma, na aliyenilazimisha si profesa bali bibi mmoja mwenye wajukuu sita, muumini wa kigango kilichoko njia ya Ulaya. (Kwa wasomaji walio mbali: Ulaya hii ni yetu, iko kati ya Kilosa na Mikumi. Hatuhitaji viza kuifikia, ila wakati wa masika twahitaji uvumilivu.)

Jambo lenyewe lilianzia kwenye ubatizo. Siku hiyo nilikuwa na watoto 11. Nilipofika kwa wa saba, mvulana wa miezi minane, mama yake alimfungua kifua ili nimpake mafuta ya wakatekumeni, na kigauni cheupe kikateremka hadi chini ya bega. Padre aliyekwisha kubatiza watoto mamia huzoea kuona mambo fulani bila kuyatafuta. Mabega yote mawili ya mtoto huyo yalikuwa laini kama siku aliyozaliwa. Lile kovu dogo la mviringo, la chanjo ya kifua kikuu, halikuwapo.

Nalijua kwamba wapo watoto wachache wanaochanjwa na kovu lisitokee, kwa hiyo sikusema neno. Baada ya Misa nilimwita mama mzazi pembeni, chini ya mwembe. Alinieleza kwamba siku aliyojifungua zahanati haikuwa na watoto wa kutosha, akaambiwa arudi siku ya kliniki. Hilo ni jambo la kawaida vijijini: kichupa kimoja cha chanjo hiyo hutosha watoto 20, na kikishachanganywa hakidumu zaidi ya saa sita, basi wauguzi husubiri watoto wakusanyike. Lakini siku ya kliniki ilipofika, bibi wa mtoto alikataa. Akakataa na zilizofuata.

Bibi mwenyewe alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, anatusikia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini. Kisha akasema, bila ukali, huku akitazama viatu vyangu: "Baba, ni wewe uliyetuambia twende. Nilikwenda. Nilipokuja kukueleza yaliyonipata, uliniambia ni uzee."

Ilikuwa kweli. Nilikumbuka papo hapo.

Wengi wenu mlikuwapo, kwa hiyo sina haja ya kueleza sana mwaka 2021 ulivyokuwa. Tulizika. Machi mwaka ule Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padre Charles Kitima, alisema hadharani kwamba katika miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na watawa wa kike zaidi ya 60 walikuwa wamefariki baada ya kupata shida ya kupumua. Kwa hiyo Julai 28, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa mbele ya taifa zima, na shehena ya kwanza ya dozi zaidi ya milioni moja za Janssen ikaanza kusambazwa mikoani, mimi sikuhitaji kushawishiwa. Nilichanjwa, nikapanda mimbarini, nikawahimiza nanyi mchanjwe.

Sijutii kuwahimiza, na kama hali ile ingerudi ningewahimiza tena. Ninachojutia ni namna nilivyosema. Nilisema kama mtu ajuaye yote: kwamba chanjo haina neno lolote, na kwamba anayesema ina neno ni mwoga au mpotoshaji. Hati ya Kongregasio ya Mafundisho ya Imani ya Desemba 21, 2020 nilikuwa nimeisoma mwenyewe. Ilieleza kwamba chanjo za Uviko-19 zilizothibitishwa kuwa salama zaweza kupokelewa kwa dhamiri njema, na kwamba kwa kawaida kuchanjwa si wajibu wa kimaadili, hivyo kuwe kwa hiari. Sehemu ya kwanza niliitangaza Jumapili tatu mfululizo. Ya pili niliipitia mbio, kama tangazo la ndoa la kigango cha jirani.

Bibi alichanjwa Septemba, sindano moja, kama ilivyokuwa kwa Janssen. Majuma mawili baadaye alianza kuchoka kwa namna asiyoizoea. Akipanda kilima kidogo kwenda shambani moyo unamwenda mbio. Usiku miguu inakufa ganzi hadi magotini. Alinijia wakati wa Majilio. Nilimsikiliza kwa dakika mbili hivi, mkono mmoja ukiwa umeshika ufunguo wa pikipiki, nikamwambia ni umri pamoja na jembe, asali na apumzike. Akaenda kwenye zahanati, nako akaambiwa ni mawazo. Tangu hapo alinyamaza kanisani, lakini hakunyamaza jikoni, na jikoni ndiko binti yake alikokuwa akisikiliza, mimba ikikua.

Usiku wa siku ile ya ubatizo sikulala vizuri. Kesho yake nilimpigia simu rafiki yangu daktari, nikamwomba anipe vya kusoma. Alinipa vingi kuliko nilivyotaka.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kinga ya mwili hufanya kazi ya kukumbuka. Kijidudu kinapoingia, au chanjo inayofanana nacho, baadhi ya chembechembe nyeupe za damu hujifunza sura yake. Vita ikiisha nyingi hufa, lakini chache hubaki kama wazee wa kijiji, zimekaa kwenye uboho wa mifupa na kwenye mitoki, zikisubiri adui yule arudi. Mama yangu mzazi ana kovu la chanjo ya ndui kwenye mkono wake. Mimi sina, kwa kuwa nilizaliwa wakati ndui ilikuwa imekwisha. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba imetokomezwa. Lakini damu ya mama yangu yaelekea haijapata habari hiyo. Watafiti wa Marekani walieleza mwaka 2003 kwamba walipima watu waliochanjwa ndui zamani, wengine hadi miaka 75 iliyopita, wakakuta kingamwili zao bado zipo. Mwili unalinda mlango ambao hakuna tena mwizi wa kuuvunja.

Basi kubaki kwa kitu mwilini baada ya chanjo si shutuma. Ndilo kusudi lake. Nikaona kwamba swali la bibi, ambalo nililipa dakika mbili, halikuwa la kijinga hata kidogo. Alikuwa akiuliza: kilichobaki ndani yangu ni nini, nacho chafanya nini? Wapo wanasayansi waliotumia maisha yao yote kwa swali hilo hilo.

Chukueni chanjo ile ile ambayo mjukuu wake aliikosa. Ilitolewa kwa mtoto kwa mara ya kwanza huko Paris mwaka 1921, kwa ajili ya kifua kikuu tu. Lakini Peter Aaby, mtafiti kutoka Denmark aliyeanza kazi Guinea-Bissau mwaka 1978, aliona pamoja na wenzake kwamba watoto waliochanjwa walikufa kwa uchache kuliko ilivyotarajiwa, hata kwa maradhi yasiyohusiana na kifua kikuu; na miongoni mwa waliochanjwa, wale wenye kovu walielekea kupona maisha zaidi ya wale wasio nalo. Wengi walimdhihaki. Baadaye, mwaka 2012, Mihai Netea na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwamba miezi mitatu baada ya chanjo hiyo, aina ya chembechembe za damu ambazo zilidhaniwa hazina kumbukumbu kabisa zilikuwa zikiwajibu kwa nguvu zaidi hata vijidudu vingine. Chembechembe hizo huishi siku chache tu. Kwa hiyo somo lazima lilikuwa limeandikwa mahali pengine, huko ndani ya mifupa zinakozaliwa, na tafiti za baadaye zimeonyesha hivyo.

Na si Wazungu peke yao. Huko Entebbe, Uganda, kati ya mwaka 2014 na 2015, watoto wachanga 560 waligawanywa kwa kura: wengine wachanjwe siku ya kuzaliwa, wengine wakifikisha wiki sita. Katika wiki sita hizo, waliochanjwa mapema walipatikana na maradhi mengine ya kuambukiza kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 29. Wenzao nao walipochanjwa, tofauti ile ikatoweka. Nilipolisoma hilo nilimfikiria yule mvulana na mabega yake laini, na miezi minane iliyokwisha kupita.

Laiti ningeishia hapo, ningekuwa na mahubiri mazuri. Lakini rafiki yangu daktari, ambaye si mtu wa kubembeleza, alinitumia pia habari za Kilifi.

Pale Kilifi, pwani ya Kenya, watoto 447 waliopata chanjo ya malaria iitwayo RTS,S au chanjo nyingine ya kulinganishia walifuatiliwa kwa miaka saba, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Mwaka wa kwanza chanjo ilikinga vizuri kiasi. Kisha nguvu zake zikashuka mwaka hadi mwaka, na ilipofika mwaka wa tano, katika maeneo yenye mbu wengi, watoto waliochanjwa waliugua malaria zaidi ya wenzao wasiochanjwa. Someni tena sentensi hiyo, nami niliisoma mara tatu. Maelezo waliyotoa watafiti yanaeleweka hata kwa mkulima: mtoto wa maeneo yetu hujijengea kinga kwa kuugua mara kwa mara, aliyekingwa miaka ya mwanzo hujijengea kidogo, na ukuta wa chanjo ukibomoka anabaki nyuma ya wenzake. Kwa hiyo athari ya chanjo ilikuwapo bado, miaka mitano baadaye, katika kile ambacho mwili haukupata nafasi ya kujifunza.

Ninalowaombeni mlione ni kwamba hawakulificha. Wangeweza kuhesabu miaka mitatu ya kwanza wakapiga makofi. Walihesabu yote saba, wakayachapisha, na suala la dozi ya nyongeza likatiliwa uzito. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 6, 2021, lilipendekeza dozi nne, wakati watoto wale wa Kilifi walikuwa wamepata tatu. Na kabla ya pendekezo hilo, kwa kuwa utafiti mkubwa wa awali, ambamo watoto wetu wa Bagamoyo na Korogwe walishiriki, ulikuwa umeacha mashaka juu ya homa ya uti wa mgongo na juu ya vifo vya wasichana, nchi tatu za Ghana, Kenya na Malawi zilianza kuitoa mwaka 2019 huku mambo hayo yakichunguzwa waziwazi. Mashaka yale hayakuonekana tena.

Hata karibu nasi zaidi: ukishuka barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, ukipita Kidatu, utafika bonde ambako kijiji cha Idete kiliingia katika vitabu vya tiba. Huko ndiko mwaka 1993 chanjo ya malaria ya daktari Manuel Patarroyo wa Colombia ilijaribiwa kwa watoto wetu, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba imepunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini ilipojaribiwa kwa watoto wachanga wapatao 1,200 huko huko Ifakara, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba haikufaa kitu. Waliofurahi ndio waliotangaza kwamba walikosea. Sikuwahi kufanya hivyo mimbarini.

Nikaja kwenye Uviko-19 yenyewe. Kuhusu Janssen, aliyochanjwa bibi, mamlaka ya dawa ya Marekani ilithibitisha hadi Machi 2022 watu 60 waliopata ugonjwa wa nadra wa damu kuganda, tisa wakafariki, katika dozi zipatazo milioni 18. Nayo ikabana matumizi yake. Onyo kuhusu ugonjwa nadra wa neva, unaoanza kwa ganzi na udhaifu wa miguu, lilikuwa limeongezwa tangu Julai 2021. Yaani kabla bibi hajachanjwa. Sisemi ndio uliompata. Nasema nilipomwambia ni umri, onyo lilikuwa limeandikwa tayari, nami sikulijua wala sikuuliza.

Februari 2025, Akiko Iwasaki, Harlan Krumholz na wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale waliweka hadharani utafiti mdogo, kabla haujahakikiwa na wataalamu wengine: watu 42 wanaolalamika kwamba tangu wachanjwe dhidi ya Uviko hawajapata nafuu, na 22 wasio na malalamiko. Walikuta tofauti katika chembechembe za kinga. Dalili za kirusi cha zamani kilicholala mwilini kuamka tena. Na kwa baadhi yao, protini ya kirusi cha Uviko ikiwa bado katika damu, kwa mmoja hata siku 709 baada ya chanjo. Watafiti wenyewe walionya kwamba watu hao ni wachache, kwamba hilo halithibitishi kilichosababisha maradhi yao, na kwamba chanjo hizo ziliokoa watu wengi mno. Wapo walioyachukua matokeo hayo kwenda nayo kutangaza kwamba chanjo zote ni sumu. Wapo pia waliokasirika kwamba yametajwa kabisa. Mimi nilimwona bibi akiwa katika orodha ile, mtu wa 43, aliyekosa wa kumwandika.

Katika parokia yetu wako Waparakuyo kadhaa, nao walinifundisha neno moja bila kukusudia. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia wilaya ya Kilosa, waliona ng'ombe wakitupa mimba na watu wakizikwa. Mzee mmoja aliniambia wao hawaikatai chanjo ya ugonjwa huo. Lakini mtu wa mifugo akija, swali lao la kwanza ni nani kati ya ng'ombe ana mimba, kwa kuwa chanjo ile ya zamani, ya virusi hai vilivyodhoofishwa, yaweza kumfanya mwenye mimba aitupe. Mtaalamu hakasiriki kuulizwa. Huwatenga wenye mimba, kazi ikaendelea. Ng'ombe wao wanaulizwa habari zao kabla ya sindano. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu kidogo.

Hatimaye nilikwenda kwa bibi. Safari hii ufunguo niliuacha mfukoni. Nilikaa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba, nikala ugali na mlenda, na nikaandika katika daftari: tarehe, dalili, alichokuwa akifanya kila ilipotokea. Nilimwomba radhi mbele ya binti yake. Hakulia wala hakunikumbatia, kama inavyokuwa katika hadithi. Alisema tu, "Haya, Baba," akaniongezea mlenda.

Tulikwenda pamoja hospitali. Daktari kijana alimpima vizuri, akamkuta na upungufu wa damu wa kutosha kueleza uchovu na mapigo ya moyo, na kwa dawa alizompa sasa anapanda kilima chake bila kusimama. Ganzi ya miguu imepungua lakini haijaisha. Nilimwuliza daktari kama imetokana na chanjo. Alifikiri, akasema: "Padre, sijui. Inaweza kuwa, inaweza isiwe. Miaka imepita." Kisha akafanya jambo ambalo lingefanyika tangu 2021: alijaza fomu ya kuripoti maudhi ya chanjo, ile inayokwenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Bibi alimtazama akiandika mpaka mstari wa mwisho. Njiani kurudi aliniambia kwamba yule kijana ni daktari kweli, maana amesema hajui.

Juu ya mjukuu sikumwambia kitu. Nilimwambia binti yake yote niliyoyasoma, ya Entebbe na ya Kilifi pia, na bibi alikuwa akichambua mboga karibu. Siku 12 baadaye alimbeba mtoto mwenyewe hadi kliniki, akamwuliza muuguzi maswali hadi foleni ikanung'unika.

Sasa kila Jumapili baada ya Misa ananifunulia lile bega. Juma la tatu kulikuwa na kipele chekundu. Jumapili iliyopita kipele kilikuwa kimepasuka na kutoa usaha kidogo, naye akataka kujua kama ndivyo inavyokuwa. Nilimwambia nadhani ndivyo, ila muuguzi ameketi pale kwenye benchi la akina mama, twende tukamwulize. Tukaenda. Jumapili ijayo muuguzi huyo amekubali kubaki saa moja baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe. Mwenye kadi ya kliniki na aje nayo, na mwenye lalamiko la tangu 2021 aje nalo pia. Daftari nitakuwa nalo.